Kioo kinachorudisha mwanga ulikotoka: kabla hujanunua au kutengeneza, jiulize jicho litakaa wapi

Ukisimama pembeni ya kioo cha ukutani ukakimulika na tochi, mwanga unaruka unaenda zake upande wa pili, wewe uliyeshika tochi huambulii kitu. Ukimulika karatasi nyeupe mwanga unatawanyika kila upande, karatasi unaiona sawa ila kinachorudi machoni kwako ni kidogo, na ukirudi nyuma ndo kinazidi kupotea. Riflekta iko tofauti na vyote viwili. Yenyewe haijali umesimama wapi, kulia, kushoto, juu kidogo au chini kidogo, mwanga ukitoka kwako unarudi kwako, ukitoka kwa mwenzako unarudi kwa mwenzako, na hata mkimulika wote kwa pamoja kila mtu anarudishiwa wa kwake.

Sasa wengi wakitaka kununua au kujitengenezea hizi vitu wanauliza swali moja tu, eti ipi inarudisha mwanga vizuri kuliko zote. Hilo swali halijakaa sawa, maana riflekta iliyo kamili kabisa, ile inayorudisha mwanga pale pale bila kukosea hata kidogo, kwa kazi nyingi za kila siku ni hasara tupu. Nitafika huko, ila tuanze na namna inavyofanya kazi maana bila hapo mengine yote ni kukariri.

Aina ya kwanza ni kona. Mwale wowote wa mwanga unaweza kuugawa mwendo wake mafungu matatu: unaenda kiasi gani kulia au kushoto, kiasi gani juu au chini, kiasi gani mbele au nyuma. Kioo bapa kilichosimama mbele yako kinageuza fungu moja tu, la mbele na nyuma, yale mawili yanabaki kama yalivyokuja, ndo maana mwanga ukiingia kwa upande unatoka kwa upande. Weka kioo cha pili kikutane na cha kwanza kwa digrii 90, mafungu mawili yamegeuzwa. Weka cha tatu, kila kimoja kiwe digrii 90 na wenzake wawili, yaani kama pale kuta mbili zinapokutana na sakafu, hapo yote matatu yamegeuzwa na mwale unatoka kinyume kabisa na ulivyoingia. Haijalishi umeanza kugonga kioo kipi wala umeingia kwa pembe gani, ilimradi umegonga vyote vitatu. Ila shika jambo moja, haurudi juu ya mstari ule ule, unarudi sambamba nao. Ukiingia sentimita 1 kulia kwa ile ncha ya katikati unatokea sentimita 1 kushoto kwake. Hii sentimita itakuja kutusumbua baadaye.

Kona inaweza kuwa tupu, vioo vitatu na hewa katikati, au inaweza kuwa kipande kizima cha kioo kilichochongwa, hiyo ndo watu wanaiita prizimu. Kwenye prizimu mwanga unaingia kwa mbele unagonga kuta za nyuma kutokea ndani, na kwa kioo au plastiki ya kawaida ukigonga ukuta kwa pembe inayozidi kama digrii 42 kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya ukuta huo, unarudi wote, hauhitaji kupakwa fedha wala alumini. Chukua riflekta nyekundu ya nyuma ya baiskeli uiangalie kwa karibu na lenzi ya kukuzia, mbele ni laini kabisa, nyuma yake utaona vijumba vidogo vya pembe sita vimepangana, na kila kijumba ni kona yenye kuta tatu. Nyuma haijapakwa kitu, imefunikwa tu ili hewa ibaki pale, na ndo sababu riflekta ikipata ufa maji yakaingia nyuma inazimika, maana kuta zikigusana na maji badala ya hewa mwanga mwingi unapita unaenda zake badala ya kurudi. Watu wanafuta uso wa mbele weee wanashangaa haing'ai, kumbe ugonjwa uko nyuma.

Aina ya pili ni ya lenzi na kioo nyuma yake. Lenzi inakusanya mwanga kwenye nukta moja, kwenye nukta hiyo kuna kitu cha kuakisi, mwanga unarudi kupitia lenzi ile ile na kuelekea ulikotoka. Macho ya paka usiku ndo yako hivyo, na Percy Shaw wa Uingereza akatumia wazo hilo mwaka 1934 kutengeneza yale macho ya barabarani, vioo viwili viwili ndani ya mpira, na kitu ninachokipenda pale sio vioo hata, ni ule mpira: gari likikanyaga, macho yanazama chini na mpira unayapangusa kwa maji ya mvua yaliyotuama kwenye kikombe cha chuma. Yanajisafisha yenyewe.

Ndugu wa karibu wa macho ya paka ni shanga za kioo, vipunje vidogo vya mviringo kama vile vya kwenye utepe wa majaketi ya usalama. Kila kipunje ni lenzi, na mgongo wake ndo kioo. Tatizo ni kwamba kioo cha kawaida, chenye namba ya kupinda mwanga 1.5, hakipindi vya kutosha, mwanga unakusanyika nyuma ya kipunje badala ya kwenye mgongo wake. Ili uangukie pale pale mgongoni kinatakiwa kioo maalum chenye namba karibu 1.9. Na hata hicho kikilowa mambo yanaharibika, maana maji yakifunika uso wa mbele mwanga unaingia kutoka kwenye maji badala ya hewa, unapinda pungufu ya inavyotakiwa, na utepe unafifia. Kwa hiyo utepe wa shanga zilizo wazi uliong'aa vizuri sana dukani unaweza kukuangusha siku ya mvua, siku ambayo ndo unauhitaji kweli. Ile mistari ya rangi barabarani nayo ina shanga, nyingi ni za kioo cha kawaida zilizozama nusu ndani ya rangi, zinarudisha kiasi kidogo ila ni rahisi na zinamwagwa kwa wingi.

Haya, sasa ile hasara tupu niliyoisema.

Fikiria kona kamili yenye upana wa sentimita 2, imewekwa mbali barabarani, na gari linaimulika. Mwanga unarudi sambamba na ulivyokuja, umehama kidogo tu kwa ile sentimita niliyokuambia uishike, kwa hiyo ukifika kwenye gari unatengeneza doa la kama sentimita 4, na doa lenyewe liko wapi? Juu ya taa. Taa inajimulika yenyewe. Dereva macho yake yako sentimita 60 hivi juu ya taa, anaona giza. Riflekta imefanya kazi yake kwa usahihi wote na haijamsaidia mtu.

Kwa hiyo watengenezaji wanaiharibu kwa makusudi. Kona zinakosewa kidogo, au zinafanywa ndogo sana mpaka mwanga wenyewe unatawanyika ukitoka kwenye kitundu chembamba vile, lengo ni mwanga urudi kama koni nyembamba inayofunika taa pamoja na macho ya dereva. Koni iwe pana kiasi gani inategemea umbali. Macho yakiwa sentimita 60 juu ya taa, kwa mita 100 pembe kati ya taa na macho ni kama digrii 0.34, kwa mita 30 imeshafika digrii 1 na ushee. Dereva wa lori anakaa juu zaidi, kwa hiyo kibao kile kile cha barabarani kinachowaka kwa mwenye gari dogo kwake yeye kinaweza kuwa hafifu, na wala macho yake hayana shida. Ukipanua koni sana nako mwanga unagawanyika eneo kubwa na kila mtu anapata kidogo. Hakuna cha bure hapo, unachagua tu nani apate.

Hii haiko kwa madereva peke yao. Setilaiti ya LAGEOS iliyorushwa mwaka 1976 ni tufe la sentimita 60 lililojaa kona 426, haina betri wala redio, kazi yake ni kupigwa na leza kutoka duniani na kurudisha. Ila inakimbia kilomita zaidi ya 5 kwa sekunde, na kwa sababu ya mwendo huo mwanga uliorudishwa sawasawa kabisa unaangukia kama mita 200 pembeni ya kituo kilichoutuma. Kwa hiyo hata pale, kwenye kifaa cha vipimo vya hali ya juu namna ile, kona zilichongwa zikiwa zimezidi digrii 90 kwa kijisehemu kidogo mno ili mwanga upanuke na umfikie mwenyewe. Mwezini hali kadhalika. Apollo 11 mwaka 1969 waliacha kule sahani yenye prizimu 100, kila moja milimita 38 tu, Apollo 15 mwaka 1971 wakaweka yenye 300, na moja ya sababu za kutumia nyingi ndogo badala ya moja kubwa ni kwamba prizimu kubwa ingerudisha mwale mwembamba kupita kiasi, tena jua lingeipasha joto bila usawa na kuivuruga. Mwale unaorudi ukifika duniani umeshapanuka zaidi ya kilomita 10. Hata hivyo wanasayansi wanaokota hizo chembe chache za mwanga, wanapima safari ya kwenda na kurudi ya kama sekunde 2.5, na hivyo ndo tunajua Mwezi unatukimbia kwa sentimita 3.8 kila mwaka.

Basi swali la kwanza dukani ni hili: chanzo cha mwanga kiko wapi na jicho liko wapi, au kamera, au sensa, na kati yao kuna umbali gani. Ukijibu hilo nusu ya vitu vya dukani vinajiondoa vyenyewe.

Kama jicho liko mbali na taa, mfano barabarani, kwenye geti, kwenye trela, kwenye nguo, chukua utepe au karatasi za riflekta na usihangaike na prizimu za maabara. Kwenye maelezo ya bidhaa tafuta namba ya kandela kwa laksi kwa mita ya mraba, hiyo ndo inasema mwanga kiasi gani unarudi. Kwa viwango vya Marekani vya karatasi za vibao, nyeupe ya daraja la chini ya shanga inatakiwa ianzie 70, daraja la kati 250, na ya vijiprizimu 360 kwenda juu, zote zikipimwa kwa pembe ya digrii 0.2 kati ya taa na jicho. Kwa nguo, kiwango cha ISO 20471 kinataka 330 utepe ukiwa mpya. Ila namba moja peke yake inadanganya, uliza na ya digrii 0.5 na ya mwanga unaokuja kwa mshazari, maana kuna karatasi inawaka balaa ukiwa mbele yake halafu ukisogea pembeni kidogo imekufa. Za vijiprizimu nyingine zina mwelekeo pia, ukizigeuza robo mzunguko zinapungua, kwa hiyo angalia kama kuna mishale nyuma yake kabla hujakata. Rangi nazo zinakula mwanga mara mbili, unaingia kupitia rangi unatoka kupitia rangi, nyekundu haiwezi kushindana na nyeupe.

Kama ni sensa ya kiwandani, zile zinazotuma mwanga mwekundu na kusubiri urudi kutoka kwenye riflekta upande wa pili, hapo kuna mtego unaowasumbua mafundi wengi. Nyingi zina kichujio kinachopokea tu mwanga ambao mtetemo wake umegeuzwa. Kona inaugeuza, kioo cha kawaida hakiugeuzi, kwa hiyo boksi la bati linalong'aa likipita mbele sensa haidanganyiki. Vizuri sana, ila shanga nazo haziugeuzi. Ukibandika utepe wa shanga badala ya riflekta ya kona sensa inakaa kimya, na fundi anabadilisha sensa nzima bure.

Kama ni leza na vipimo, hapo ndo unanunua prizimu ya kweli. Angalia upana wa uso, na angalia mwale unaorudi unakengeuka sekunde ngapi za pembe, sekunde moja ni digrii moja ukiigawa mara 3600. Ya sekunde 3 au 5 ni ya kazi nzito na bei yake inaongea, kwa majaribio ya nyumbani hata inayokengeuka dakika kadhaa za pembe inatosha. Iliyopakwa madini mgongoni inapokea mwanga kwa pembe pana zaidi ila inapoteza kidogo kila unapogonga, isiyopakwa haipotezi ila ukiizungusha sana upande mmoja unazima. Ukinunua prizimu ya kupimia ardhi uliza na namba yake ya marekebisho. Mwanga unakwenda polepole ndani ya kioo kwa hiyo mashine inadhani umbali ni mrefu kuliko ulivyo, ukijumlisha na mahali kioo kilipokaa kwenye fremu kuna prizimu za milimita 30, kuna za 0, na nyingine zina namba za kwao. Ukichanganya ya kampuni moja na mashine ya kampuni nyingine bila kubadilisha hiyo namba, kila kipimo kinakosea kiasi kile kile na hakuna kitu kitakachokushtua.

Kutengeneza sasa. Kinachowezekana kwa mikono ni kona ya vioo vitatu, na vioo vizuri vimo ndani ya skana na mashine za fotokopi zilizokufa, vile virefu vyembamba vilivyopakwa madini upande wa mbele. Kutambua ni rahisi, sogeza ncha ya karatasi mpaka iguse kioo, kama ncha na taswira yake zinagusana madini yako mbele, kama kuna nafasi kati yao madini yako nyuma. Usiguse uso kwa vidole, mafuta ya mkono yanaushika na kuufuta kunauchubua. Utasikia watu wanasema kioo cha kawaida cha kujitazama hakifai kabisa, mi sikubaliani. Kama pande zake mbili ziko sambamba, mwanga unatoka kwa mwelekeo ule ule, unachopoteza ni mistari iliyokufa pale vioo vinapokutana na kivuli hafifu cha pembeni. Kwa kuanzia kinatosha. Kisichofaa ni kioo cha plastiki, kinapinda ukikitazama tu.

Kazi yote iko kwenye digrii 90. Vioo viwili vikikosea digrii 1 mwale unakosea 2. Pembe zote tatu zikikosea digrii 1 kwa upande mmoja mwale unakosea kama 3, na kwa mita 10 hiyo ni zaidi ya nusu mita kutoka kwenye tochi yako, tena unagawanyika vipande sita. Kwa hiyo usitegemee macho wala kona ya boksi. Tafuta bloku la chuma lililochongwa skwea kweli kweli, kona yake ya nje ndo kalibu, unatandika karatasi laini ya kusafishia lenzi afu unalaza vioo juu yake uso ukiangalia chuma, unashika kwa nyuma na gundi. Epoksi ya kukauka taratibu ndo nzuri, ile ya dakika tano inavuta vioo inapokauka. Supaglu weka mbali, mvuke wake unaacha ukungu mweupe juu ya kioo. Ukiweza, kioo cha tatu usikigundishe, kikalishe juu ya skrubu tatu zenye springi ili ukirekebishe mwenyewe.

Kupima huhitaji mashine. Fumba jicho moja, angalia ndani ya kona kwa lile lingine. Utajiona kichwa chini, na mboni ya jicho lililo wazi itakaa pale pale kwenye ncha ambapo vioo vitatu vinakutana, ukisogeza kichwa inakufuata, haibanduki. Sasa tazama ile mistari ya maungio inavyoikata mboni. Kama pembe ni sahihi mboni ni duara zima. Kama pembe moja imekosea, mboni inakatika kwenye ungio la pembe hiyo, nusu moja imepanda au zimekuwa mbili, na unajua kabisa skrubu ipi ya kugusa. Nadhani hakuna kipimo kitamu kama hiki kwenye mambo yote ya vioo. Baada ya hapo weka kona mbali uipige picha na simu ukiwa umewasha flashi, taa na kamera ya simu vimekaribiana kama sentimita 1, kwa mita 5 pembe yake ni digrii 0.1 tu, kona nzuri itawaka picha nzima. Tochi ya mkononi ukiiweka kiunoni ukaangalia kwa macho unaweza usione kitu na kona haina kosa lolote. Leza yenye nguvu usiijaribishie hapa, kifaa chenyewe kazi yake ni kukurudishia ulichotuma, na jicho lako ndo liko pale.

Ukiona vioo vinakutoa jasho kuna njia nyingine ya kuingilia, riflekta ya rada kama zile za mashua ndogo. Hesabu ya kona ni ile ile ila mawimbi ya rada ya meli yana urefu wa sentimita 3 hivi, kwa hiyo bati la alumini lililokatwa na kupachikwa vizuri linatosha, kosa la milimita moja mbili halisikiki. Sahani tatu zinazopishana zinatoa kona nane. Iningʼinize ili kona moja iangalie juu wima, kana kwamba inakinga mvua, kona sita zinabaki zimezunguka pande zote. Na hapa ukubwa unalipa kuliko mtu anavyotegemea: ukiongeza urefu wa ukingo mara mbili, mwangwi unaorudi kwenye rada unaongezeka mara 16.